Pale palipogeuka kule: mtaro na kona moja ya Ngamiani

Ukimuuliza mtu wa Tanga anakaa wapi, na akawa ni wa Ngamiani, atakujibu kwa namba. Barabara ya Nane. Barabara ya Kumi na Mbili, ukishapita msikiti. Mgeni anasikia hesabu. Mwenyeji anamsikia muuza kahawa, anasikia harufu ya bajia za magharibi, anajua nyumba ipi ina mwarobaini uani na kona ipi ukipita usiku utasalimiwa kwa jina la baba yako.

Kisa ninachokieleza kilitokea kwenye kona moja ya barabara hizo. Namba yake naiacha, kwa sababu watu waliozungumza nami walikuwa wakizungumzia milango yao wenyewe. Mimi nimesomea mipango miji, na nyumba ya bibi yangu ni ya tatu kutoka kona hiyo. Yote mawili yananifanya nikione kisa hiki kama ninavyokiona, na msomaji ayajue mapema.

Kona ilivyokuwa

Nyumba mbili zilikabiliana hapo, kila moja na baraza la saruji lililozunguka ukuta wa mbele na wa ubavuni. Kwenye ukingo wa barabara ulisimama mkungu mkubwa ambao hakuna aliyekumbuka umepandwa na nani. Asubuhi kivuli kilikuwa upande mmoja wa kona, alasiri upande wa pili, na wazee walihama nacho. Muuza kahawa aliteremsha dele na seredani yake chini ya mkungu baada ya swala ya alfajiri, akaondoka jua likipanda, akarudi baada ya alasiri na sahani ya kashata. Bao lilikaa kwenye baraza la upande wa alasiri. Magharibi ikiingia, mama mmoja alitoa meza na karai, akakaanga bajia na mihogo, na watoto waliotoka chuoni wakajipanga na sarafu zao mkononi. Ikiwa harusi, turubai lilifungwa kutoka kwenye mkungu hadi nguzo ya umeme. Ikiwa msiba, vilevile.

Palikuwa panaitwa Mkunguni. Jina hilo halimo katika ramani yoyote niliyoiona, lakini dereva wa bajaji ulimwambia "Mkunguni, ya Ngamiani" na hakuuliza tena.

Nataka msomaji aone jinsi nafasi yenyewe ilivyokuwa ndogo. Kutoka ukuta wa nyumba hadi pale magari yanapopita palikuwa na hatua tatu za mtu mzima. Kahawa, bao, bajia, turubai, salamu na ugomvi wa mpira vyote viliishi ndani ya hatua hizo tatu. Kwenye mchoro wa mji ukanda huo hauna jina la matumizi. Unahesabiwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyowekwa kando kwa ajili ya barabara na mambo yake, na macho ya mhandisi yanauona kama nafasi tupu inayosubiri kazi.

Mtaro

Nianze kwa kuwatendea haki waliojenga: wakazi ndio walioomba mtaro. Ngamiani ni tambarare. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zikishaanguka hapo hazina mteremko wa kuziondoa. Kila mwaka bibi yangu aliinua magodoro juu ya meza. Na mji umeongezeka: sensa ya 2012 iliwahesabu watu 273,332 katika Jiji la Tanga, ya 2022 ikawahesabu 393,429. Viwanja vilivyokuwa vikinywa maji vimejengwa, vimesakafiwa, na maji yakabaki barabarani. Anayekisimulia kisa hiki kana kwamba mtaro ndio adui hajawahi kuchota maji kwa ndoo ukumbini saa tisa za usiku.

Kazi ilichukua wiki chache. Mfereji wa zege, upana kama sentimita sitini na kina cha kumpita mtu mzima magoti, ulipita sambamba na nyumba ukigusa miguu ya mabaraza. Kila mlango ukapewa kidaraja cha upana wa mlango. Mkungu ulikuwa katikati ya njia ya mtaro, ukakatwa siku ya pili. Hakuna baraza hata moja lililovunjwa. Hilo nalisisitiza, kwa sababu taarifa yoyote ya athari za mradi ingeandika sifuri kwenye safu ya vilivyobomolewa, na ingekuwa kweli.

Lakini sasa kaa kwenye baraza lile. Miguu yako inaning'inia juu ya shimo. Anayepita barabarani akitaka kukusalimu lazima apaze sauti, na salamu ya kupaza sauti huishia kwenye "shikamoo" na "marahaba". Ile ya kuinama, ya kushika mkono, ya "habari za mgonjwa", haina mahali pa kusimama. Muuza kahawa hawezi kukunyooshea kikombe bila kuruka. Seredani haina pa kutulia. Meza ya bajia ingebidi ikae ndani ya njia ya magari.

Muuza kahawa alijaribu siku nne, kisha akahamia barabara kubwa, kwenye kijiwe cha bodaboda. Wazee watatu walimfuata. Wawili hawakuweza kutembea umbali ule, wakabaki ndani. Mama wa bajia alihamishia karai uani kwake, akauza kwa wanaojua tu. Taa yake ya mezani ilipoondoka kona ikawa giza. Mtoto mmoja alitumbukia akachanika kidevu. Kijana akanyang'anywa simu usiku wa saa mbili, mahali ambapo miezi michache nyuma mwizi angelazimika kupita mbele ya wazee watano na karai la mafuta ya moto.

Nilipokwenda kumsalimia bibi baada ya miezi hiyo nilisikia kitu kabla sijakielewa. Nilimwambia twende tukapunge upepo kona. Akanijibu, "Kule siendi mie, mwanangu." Ni hatua thelathini kutoka mlangoni kwake. Maisha yangu yote alikuwa akipaita pale.

Pa, ku na mu

Darasani tulipewa maneno mengi ya kigeni ya kueleza kwa nini sehemu moja ya mji ina uhai wa kuwa mahali na nyingine ni njia tu ya kupitia. Tulihangaika kuyatafsiri. Mwalimu mmoja alisema hisia ya mahali, mwingine utambulisho wa mahali, na yote yalisikika kama nguo ya kuazima. Siku ile mlangoni kwa bibi niliona kwamba lugha yetu imelibeba jambo hili ndani kabisa, kwenye viambishi ambavyo mtoto wa miaka mitatu anavitumia bila kukosea. Kiswahili kina mahali pa aina tatu. Pa- ni mahali dhahiri, panapojulikana kwa msemaji na msikilizaji, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ku- ni upande, eneo la jumla, huko huko. Mu- ni ndani. Pale, kule, mle.

Mtu hafundishwi lini ahame kutoka pale hadi kule. Ulimi wake unahama wenyewe mahali panapopoteza udhahiri wake. Nikaanza kusikiliza kwa makusudi. Vijana wa kona: "kule mtaroni". Mama wa bajia: "kule nilikokuwa nakaangia". Mjumbe wa shina naye, aliyekuwa mstari wa mbele kuomba mtaro: "kule kona kumekuwa kubaya". Hakuna aliyesema pale.

Naamini hiki ni kipimo kizuri kuliko vingi tunavyotumia ofisini. Tukijaza dodoso la mradi tunauliza: umeridhika, umeridhika kiasi, hujaridhika. Wakazi wa kona ile wangejibu wameridhika, maana maji hayaingii tena ndani, na hawangekuwa waongo. Kilichopotea hakikuwa na swali lake.

Hapa inafaa kurudi nyuma kidogo, kwenye Ngamiani yenyewe. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na mji ulipopangwa wakati wa ukoloni, upande wa bandari ukawa wa utawala na biashara kubwa, na upande wa pili wa reli ukawa wa Waafrika, umekatwa miraba kwa barabara zilizonyooka. Barabara zikapewa namba. Namba humfaa anayetawala bila kumjua mtu: anahesabu, anakagua, anapata nyumba. Ingeweza kuwa kambi tu. Lakini watu wa Tanga walizichukua namba hizo wakazijaza. Barabara ya Tano ya mtu aliyezaliwa Barabara ya Tano haina uhusiano wowote na hesabu. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima ilipofanya operesheni ya anwani za makazi na vibao vikawekwa mitaani, sehemu nyingi za miji yetu zilikaa vikao kutafuta majina ya mitaa. Ngamiani watu walikuwa na majina yao tayari, yaliyoandikwa kwa tarakimu na kulainishwa na zaidi ya kizazi kimoja cha kutamkwa.

Na jina la eneo zima linataja ngamia. Nenda leo utafute ngamia. Kile kiambishi -ni kinatunza mahali hata mwenye jina akishaondoka. Mkungu nao umekatwa, na bado watu wazima wanasema Mkunguni.

Hilo nililiona vizuri zaidi kwa penseli. Kevin Lynch, mpangaji miji wa Marekani, aliwaomba wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles wachore miji yao kwa kumbukumbu, na mwaka 1960 akaeleza kwamba watu huubeba mji kichwani kwa njia, kingo, maeneo, makutano na alama. Nami niliwapa majirani karatasi, nikawaomba wanichoree njia ya kutoka relini hadi nyumbani. Watu wazima karibu wote walichora mkungu, mti ambao haupo. Baadhi hawakuchora mtaro kabisa, ingawa wanauvuka kila siku. Watoto walichora mtaro, mrefu, mweusi, umebonyezwa kwa penseli hadi karatasi ikatoboka. Binti wa miaka tisa alichora mtaro na madaraja madogo, na kwenye kila daraja akaweka mtu mmoja amesimama peke yake.

Barazani hakupigwi hodi

Wahandisi niliozungumza nao walikuwa watu wema, na swali lao lilikuwa la haki: baraza lipo, kidaraja kipo, tatizo nini? Jibu linataka mtu aielewe nyumba ya Kiswahili inavyofunguka. Nyuma kabisa uani, pa wenyewe, pa kupikia na kuanikia. Katikati ukumbi mrefu, vyumba kushoto na kulia. Mbele mlango. Ili uingie ndani ya mlango huo lazima upige hodi na ukaribishwe. Barabarani hakuna anayehitaji ruhusa ya mtu. Baraza liko kati ya hali hizi mbili. Barazani hakupigwi hodi. Unakaa kwa mtu bila kuwa mgeni wake, na mwenye nyumba anakuwa na watu bila kuwa na wageni. Mzee mjane anapata mazungumzo bila kupika. Kijana asiye na kazi anapata pa kukaa bila kuulizwa amefuata nini. Mama anayekaanga mbele ya nyumba yake yuko sokoni na yuko kwake, kwa wakati mmoja.

Mtaro ulifanya kila baraza liwe sehemu ya mlango. Kidaraja kimoja, cha upana wa mlango, maana yake ukitaka kufika barazani unapita mlangoni, mbele ya pazia la watu. Unapaswa kupiga hodi. Ule uhuru wa kukaribia kutoka upande wowote ulikufa, na watu wenye adabu, kama walivyo watu wa Tanga, waliacha kukaribia.

William Whyte, aliyetumia miaka ya 1970 akivirekodi kwa kamera viwanja vya wazi vya New York, alihitimisha kwamba watu hukaa zaidi mahali penye pa kukaa. Ni kweli, na ni nusu ya kisa chetu. Kona yetu ilibaki na pa kukaa pote. Ilipoteza pa kukaribilia.

Jambo moja linaniuma katika sheria zetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliukumbuka mlango: mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 una ulinzi. Ni jambo jema. Ukija Tanga utaonyeshwa boma la Wajerumani na mnara wa saa karibu na bandari, na vyote vinastahili kutunzwa. Baraza la saruji la mwaka 1970, lililopakwa chokaa na kung'arishwa na suruali za wazee watano, hakuna anayeliandika popote, wala mimi siombi litangazwe kumbukumbu ya taifa. Naomba tu kwamba kabla ya kuchora mstari wa mtaro, mtu apite hapo mara mbili, asubuhi na baada ya alasiri, aone nani amekaa wapi na anafikiwaje.

Kilichofanyika

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao baada ya mtoto kuumia. Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa kuufunika mtaro wote. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya usafi alilipinga, na alikuwa sahihi. Mtaro uliofunikwa wote hakuna anayeuona, taka zinajaa chini, na masika yajayo maji yanarudi ukumbini. Aliyekuja kuchimba ni waja leo waondoka leo, alisema, atakayezibua ni sisi. Pia zege la urefu wote ule lingegharimu fedha ambazo mtaa hauna.

Suluhisho lilitoka kwa fundi mwashi aliyekuwa amesimama mlangoni, hata hakuwa mjumbe wa kikao. Alipendekeza vifuniko vya zege vifupi, vya kubebeka na watu wawili, kila kimoja na matundu mawili ya kupitishia nondo ya kukiinulia. Viwekwe mbele ya mabaraza tu, viwili vitatu kwa kila baraza, na kati ya baraza na baraza mtaro uachwe wazi ili uonekane na uzibuliwe. Kisha akasema jambo ambalo mimi na shahada yangu sikuwa nimelifikiria. Pale kona, ambapo magari hayakati karibu, ukuta wa mtaro wa upande wa barabara uinuliwe hadi urefu wa goti, juu upigwe lipu laini, chini uachiwe matundu ya maji kuingilia. Mtu akae juu yake akitazamana na waliokaa barazani. Mtaro ukiwa katikati, umefunikwa, kahawa ipite juu.

Halmashauri tuliandikia barua kwanza. Ruhusa ya kugusa mtaro ilichukua muda mrefu kuliko ujenzi wake, na fundi akasubiri. Fedha zilikuwa mchango, nyumba kwa nyumba, na wajukuu walio Dar es Salaam wakatuma kwa simu. Kila kifuniko kilimwagwa hapo hapo barabarani ndani ya fremu ya mbao, na nilifurahi kuona watu waliokuwa hawatoki tena nje wakitoka kusimamia zege la mbele ya baraza lao.

Masika yaliyofuata yalipita bila maji kuingia ndani. Vifuniko viliinuliwa mara mbili kuzibua, mara ya pili kwa mzozo kuhusu zamu ya nani. Muuza kahawa amerudi, jioni tu. Asubuhi amebaki na bodaboda, maana huko kahawa inatoka haraka, na simlaumu. Bao limerudi. Mama wa bajia amerudi na taa yake, meza ikiwa juu ya vifuniko viwili. Ule ukuta wa kukalia umependwa na wasichana wa sekondari, ambao zamani hawakuwa na pa kukaa kwenye kona ile iliyokuwa ya wazee na bao. Hilo hatukulipanga, na ndilo linalonifurahisha zaidi.

Mti ndio hasara isiyorudi upesi. Mche wa mkungu umepandwa hatua nne kutoka ulipokuwa mwanzo, umezungushiwa miiba na bati la kuzuia mbuzi. Kwa sasa ni kama fimbo yenye majani saba. Mchana wa Januari kona hiyo haikaliki, na hakuna fundi wa kulitengeneza hilo kwa wiki mbili.

Na upande wa pili wa barabara haujafanyiwa kitu. Kuna nyumba nne, tatu kati yake ni za kupangisha, wenye nyumba wako mbali. Mpangaji anauliza kwa nini anunue zege la nyumba ya mtu mwingine wakati mwezi ujao anaweza kuhamishwa, na sijui la kumjibu zaidi ya kwamba wanawe ndio wanaoruka mtaro. Nimeshapima: vifuniko kumi na moja. Fundi amekubali kufanya kwa bei ya vifaa tukimpa saruji kabla ya Machi. Bibi yangu anakaa tena barazani kona alasiri, kiti chake cha mkeka kimeegemea ukuta, na akitaka kumtuma mtoto dukani, ng'ambo ya barabara, ananyoosha mkono na kumwambia aangalie anapovuka kule.